Ramani Irudi Mtaani

Ndugu wanafunzi, na ninyi viongozi wa mitaa mliokubali kuwapokea waje kuchora ramani za mafuriko, asanteni kwa kuja.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, jijini Dar es Salaam, wakashirikiana na wakazi kuchora vichochoro, sehemu za kuchotea maji na majalala. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko yakaipiga Dar es Salaam, watu wapatao 40 wakafa. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachora kata zinazokumbwa na maji, na ramani ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuihariri.

Kazi yenyewe inaanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Unajitambulisha, unapewa mjumbe wa shina, yaani kiongozi wa kundi dogo la nyumba. Yeye ndiye anayejua mpaka wa shina lake unapita nyuma ya nyumba ya nani. Mkifika kwenye mtaro, pima upana na kina, angalia kama umejengewa au ni wa udongo, kama kalvati linapitisha maji au limeziba taka. Kisha muulize mama wa nyumba ya jirani: maji yalifika wapi? Hatakutajia sentimita. Atakuonyesha gotini, kiunoni, au atakupeleka kwenye doa lililobaki ukutani. Hapo nawasihi msiwe na haraka. Lipimeni lile doa, na msikilizeni mpaka amalize.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Afisa mipangomiji anaijua vizuri. Lakini bonde la Mto Msimbazi, hapa jijini, lina watu tayari, na mita 60 pekee hazimwambii nani anaanza kuzama, wala mtaro upite wapi. Hayo atayapata kwenu.

Kinachoniuma ni ramani zinazoishia kwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anapata alama, mtaa haupati kitu. Kwa hiyo mwaka huu kila kikundi kitachapisha ramani yake kubwa na kuibandika ofisi ya mtaa. Wakazi waisome, waikosoe, waandike juu yake kwa kalamu. Iliyosahihishwa iende kwa afisa mipangomiji wa manispaa, ndipo mimi niipokee na kutoa alama.

Wenyeviti wetu, tunaomba mtupangie tarehe za mikutano ya wakazi kabla mvua za vuli hazijaanza.