Kabla Hujaandika kwamba Wanaridhika

Ndugu mwenyekiti, wazazi, wahudumu, maofisa wa ufuatiliaji na tathmini, na ninyi mliokaa mstari wa mbele, watu wazima wenye ulemavu wa ukuaji, yaani wa akili au mwingine ulioanza utotoni, ambao programu hizi za makazi na huduma zilianzishwa kwa ajili yenu, asanteni kwa kunialika.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili. Nalirudia kwa sababu ripoti ninazoletewa bado zinakuja vilevile. Mwanzoni kuna idadi ya watu waliohudumiwa. Inafuata idadi ya semina. Halafu unakuta mchoro wa rangi unaosema karibu wanufaika wote wanaridhika na huduma. Nikiuliza wamejuaje, naambiwa walijaza dodoso. Nani aliwauliza? Mhudumu wao. Wapi? Palepale sebuleni, msimamizi amekaa pembeni. Swali lilikuwaje? "Unapenda kuishi hapa?" Akajibu ndiyo, ikaingizwa kwenye kompyuta, ikawa asilimia.

Hiyo "ndiyo" yake haijathibitisha kitu, na hili tumelijua kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Carol Sigelman, na wenzake walichapisha kazi yao juu ya kuwahoji watu wenye ulemavu wa akili. Waliuliza maswali ya jozi zinazopingana. Kwa mfano, mtu anaulizwa kama kwa kawaida ana furaha, kisha baadaye anaulizwa kama kwa kawaida ana huzuni. Sehemu kubwa ya wahojiwa waliitikia ndiyo kwa yote mawili. Sasa niambieni, ofisa aliyeuliza lile la kwanza tu akaenda zake ameandika nini kwenye ripoti?

Wapo waliosoma matokeo yale wakahitimisha kwamba watu hawa hawahojiki, basi tuwaulize wazazi na wahudumu yakaisha. Siwezi kulikubali hilo hata kidogo. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Uingereza, Mark Rapley na Charles Antaki, walichambua mahojiano ya namna hii neno kwa neno, pamoja na kusita na vikatizo vyake. Walichokiona ni kwamba mara nyingi muulizaji mwenyewe ndiye anayeitengeneza ile "ndiyo". Mhojiwa anatoa jibu lake, lakini jibu haliingii kwenye kisanduku cha fomu. Muulizaji anarudia swali kwa maneno mengine. Mhojiwa anadhani amekosea, anabadilisha jibu. Anaulizwa tena. Mwisho anasema kile anachoona kinasubiriwa, na fomu inapata tiki yake.

Fikirini pia mtu huyu amelelewaje. Ana miaka 40 na kitu, na tangu utotoni ameamuliwa kila jambo, hata saa ya kulala. Kila aliposema hapana aliambiwa ni mkaidi, au iliandikwa kwenye faili lake kwamba ana tatizo la tabia. Leo anayemuuliza kama anaridhika ndiye mwenye funguo za mlango, na ndiye anayeamua kama Jumamosi atatoka au hatatoka. Wewe ungejibuje?

Kwa hiyo maswali yabadilike. Badala ya ndiyo na hapana, mpe machaguo mawili, na kama inawezekana yawe na picha. Siku nyingine geuza mpangilio, kwa sababu wapo wanaochagua lililotajwa mwisho. Uliza juu ya jambo lililotokea, wala si juu ya hisia za jumla: jana jioni ulifanya nini, nani alichagua, ungetaka kufanya nini kingine? Muulizaji asiwe anayelipwa na programu. Mhojiwa achague nani akae naye, na awe huru kusema hataki kuhojiwa. Jibu likiwa nje ya kisanduku, andika jibu hilo, achana na kisanduku.

Najua kuna mtu hapa anataka kuniuliza: na wasiozungumza? Swali hilo huulizwa kila mahali, na mara nyingi linaulizwa ili lifunge mjadala. Mtu asiyezungumza anawasiliana. Anasogea au anakwepa, anasukuma mkono, anamtazama fulani akiingia na kumpa mgongo mwingine. Kazi ya mtathmini ni kukaa hapo muda wa kutosha kuyaona hayo.

Katika nyumba moja nilikaa sebuleni kuanzia mchana mpaka wahudumu wa zamu ya jioni walipoingia. Nilikuwa na karatasi yenye mistari, na kila dakika nikiandika mambo mawili: mkazi anafanya nini, na kuna mtu anayeshughulika naye au hakuna. Bwana mmoja mzima, asiyezungumza, alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Rimoti ilikuwa juu ya kabati, mahali asipoweza kufika. Kila kipindi cha mpira kilipokatwa na matangazo aliinua mkono kuelekea kabati. Mhudumu alipita na nguo za kufua akamwambia, "Tulia, kinarudi." Baadaye mhudumu mwingine alibadilisha stesheni ili atazame taarifa ya habari. Yule bwana akajifunika uso kwa shati lake na kukaa hivyo mpaka chakula kilipoletwa. Jioni nikaomba daftari la siku. Liliandikwa: "Alitazama televisheni, alikuwa mtulivu."

Wahudumu wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wawili, nyumba kubwa, na hakuna aliyewafundisha kwamba kumpa mtu rimoti ni sehemu ya kazi yao sawa na kumwogesha. Ila mfumo wao wa taarifa ungeihesabu siku ile kuwa siku njema, na mfadhili angepelekewa.

Utaratibu huu wa kuandika kila baada ya muda mfupi sikuubuni mimi. Jim Mansell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kent waliutumia kwa miaka mingi. Walionyesha kwamba nyumba ndogo, safi, yenye bustani, haitoshi: wakazi wanaweza kukaa saa nyingi bila kushiriki chochote, isipokuwa pale wahudumu wanapofundishwa na kusimamiwa ili wafanye kazi pamoja na mkazi, badala ya kumfanyia. Majengo yaleyale na bajeti ileile, ila maisha tofauti. Unayajua hayo kwa kutazama. Dodoso halitakuambia.

Wazazi, nisieleweke vibaya. Mnajua mambo ambayo hakuna mtathmini atakayeyajua, na mnapaswa kuulizwa. Lakini jibu la mama liandikwe kuwa jibu la mama. Mfumo wa Marekani wa kupima huduma za namna hii, National Core Indicators, ulioanza 1997, una sehemu ya maswali ambayo anaruhusiwa kujibu mhusika peke yake, na nyingine ambayo mtu anayemjua vizuri anaweza kumsaidia au kumjibia. Huo ndio uaminifu. Na kwa heshima zote, tuache kuandika "watoto wetu" kwenye tathmini ya watu wazima.

Mfadhili anataka namba, mnaniambia. Zipo. Wangapi wana ufunguo wa mlango wao? Wangapi walichagua wanaoishi nao? Wangapi wana rafiki ambaye si ndugu wala hapokei mshahara kwa kuwa naye? Wangapi wanalipwa kwa kazi wanayofanya, na fedha hiyo inakaa mikononi mwa nani? Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu inataja wazi haki ya mtu kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye, kwa hiyo hayo si matakwa yangu. Mwaka 2017 kamati inayosimamia mkataba huo iliifafanua ibara hiyo: hata nyumba ya watu watano mpaka wanane haiwezi kuitwa maisha ya kujitegemea ikiwa ratiba ni moja kwa wote na mkazi hana sauti juu ya nani anamhudumia. Ipimeni programu yenu kwa kipimo hicho kabla hamjajisifu kwamba mmefunga taasisi, yale majengo makubwa ya kuwaweka watu hawa pamoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, niharakishe. Suala la gharama nitaliacha kwa leo.

La kulinganisha: pima kabla hujaanza. Programu nyingi humwita mtathmini mwaka wa mwisho, wakati hakuna tena anayekumbuka mtu huyu alianzia wapi. Taasisi ya Pennhurst ya watu wenye ulemavu wa akili, kule Pennsylvania, Marekani, ilifunguliwa 1908 na kufungwa 1987. Wakazi wake walipokuwa wanahamia kwenye jamii, watafiti waliwafuatilia zaidi ya watu 1,000, mwaka baada ya mwaka. Waliohama walizidi kujimudu kuliko wenzao waliofanana nao waliobaki ndani. Familia nyingi zilizokuwa zimepinga ziligeuza mawazo baada ya kuona. Haya yalijulikana kwa sababu hesabu ilianza mapema na ikaendelea.

La mwisho ni timu yenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo. Ajirini watathmini wenye ulemavu wa ukuaji, muwalipe kiwango sawa na wengine, na muwashirikishe tangu mnapotunga maswali; msisubiri siku ya kupiga picha. Wao hupata majibu ambayo mimi siyapati, kwa sababu anayeulizwa haoni bosi mbele yake. Na ripoti ikikamilika, itolewe pia kwa lugha nyepesi na picha, isomwe kwenye zile nyumba kabla haijapelekwa kwa mfadhili, na wakazi wakisema mmekosea, sehemu hiyo irekebishwe.