Usimchague Dume kwa Singa Zake

REHEMA: Karibuni tena. Leo kuna msikilizaji wetu wa Kigamboni, ana farasi jike na anataka kuagiza mbegu ya dume wa Andalusia, aina ya farasi wa Hispania. Ametuma picha za madume watatu. Dokta, mimi nimeshampenda yule mweupe, singa zimemshuka mpaka kifuani.

HAMISI: Kila mtu atampenda huyo, dada Rehema, picha imepigwa kwa kazi hiyo. Mimi namshauri azizibe singa kwa kidole, aitazame shingo. Madume hawa hujaa mafuta juu ya shingo, na yakizidi, shingo inalala upande mmoja, ndiyo basi tena. Kule kwao dume wa namna hiyo hapewi kibali cha kuzalisha.

REHEMA: Kumbe kuna kibali?

HAMISI: Kipo. Daftari la ukoo wao lilianzishwa 1912, na kuandikwa humo peke yake hakutoshi. Akitimiza miaka 3 ndipo anapoweza kukaguliwa: urefu, umbo, mwendo, korodani. Kwa hiyo kabla ya bei, aulize cheti cha ukaguzi.

REHEMA: Na akishakipata?

HAMISI: Aombe video, dume akija moja kwa moja kwa mpiga picha. Macho yote kwenye miguu ya mbele. Hawa huinua goti juu, unapendezwa kabisa, lakini wengine kwato inachora duara kwa nje kabla haijatua. Watu wanashangilia, na viungo vinaumia. Kama jike wake naye anatupa miguu hivyo, amwache dume huyo hata akipewa bure. Halafu aombe kuwaona watoto wa dume huyo waliokwisha kubeba mtu mgongoni, si vichanga. Wametulia? Wanafundishika? Sifa kubwa ya farasi hawa ni akili na upole, na hiyo haionekani kwenye picha.

REHEMA: Weupe wake je?

HAMISI: Huzaliwa weusi au kahawia, weupe unakuja mwaka hadi mwaka. Ila ajue kwamba farasi wanaogeuka weupe hivyo wakizeeka, wengi huota uvimbe mweusi chini ya mkia. Ni saratani ya ngozi. Mara nyingi huenda taratibu, lakini ipo.

REHEMA: Tuje kwa mtoto sasa. Anauliza kama atampanda akiwa na miaka 2.

HAMISI: Hapana! Jamani, hapa ndipo roho inaniuma. Mtoto wa Andalusia hachelewi kurefuka. Akifika mwaka mmoja, urefu wake mwingi ameshaupata, na mwenye mali anaona farasi mzima amesimama mbele yake. Lakini mifupa bado. Juu kidogo ya goti la mbele kuna sehemu laini ya kukulia, hiyo hufunga karibu na miaka 2 na nusu. Uti wa mgongo, pale pale tandiko linapokaa, hufunga mwisho kabisa, miaka 5 na zaidi. Mtazame kwa ubavuni: leo makalio yamepita mabega, baada ya miezi michache mabega yanafikia, kisha makalio yanapita tena. Huyo bado anajengwa. Miaka 3 na nusu, 4, aanze kubeba mtu mwepesi, dakika chache. Kazi nzito aje kuipata kwenye 6 au 7.

REHEMA: Miaka yote hiyo anakula tu?

HAMISI: Anatembea na wenzake uwanjani, anajifunza kushikwa, kuinua kwato, kufuata kamba. Na kula kwenyewe kuna hatari. Hapa Dar kilicho rahisi ni pumba. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Ukimlea kwa pumba, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake, mpaka uso unavimba. Majani yawe ndiyo chakula chenyewe, lusini, majani ya jamii ya kunde, ikipatikana aongezewe, na jiwe la madini lisikosekane. Wala asinenepeshwe. Ukipitisha kiganja ubavuni uzihisi mbavu bila kubonyeza.

REHEMA: Kwa nini basi asilete dume mwenyewe akaishi Kigamboni?

HAMISI: Kwa sababu ya tauni ya farasi, inayoenezwa na wadudu wadogo kuliko mbu, wanaouma kuanzia jua linapozama. Mwaka 1987 pundamilia kutoka Namibia waliupeleka ugonjwa huo Hispania, ukafika mpaka jimbo la Andalusia, ukazimwa 1990. Farasi anayetoka huko hana kinga yake. Mbegu ni salama zaidi. Jike achanjwe mapema, kabla hajabeba mimba, na jua likianza kuzama awe bandani.

REHEMA: Na jike ahimilishwe lini, yaani atiwe hiyo mbegu?

HAMISI: Mimba ni miezi 11. Akihimilishwa katikati ya Julai, atazaa Juni, masika yameshapita, uwanja umekauka na wadudu hao wamepungua.