Kondoo wa Umeme Juu ya Paa: Riwaya za Kisayansi na Filamu Zake

Mbukwenyi! Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa ndani saa hizi ambazo jua la Dodoma limeanza kupoa na kila mtu angependa kuwa nje.

Nimeombwa nipendekeze riwaya chache za kisayansi ambazo sasa zimekuwa za kale, kisha nizilinganishe na filamu zilizotokana nazo. Filamu za aina hiyo nilianza kuzitazama nikiwa mtoto katika kibanda cha video kule Majengo, juu ya benchi la mbao, nyuma ya pazia la gunia, huku mtafsiri akizungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Mtafsiri yule hakuvumilia kimya. Mhusika akinyamaza, yeye alimtungia maneno, na askari wawili wa Kimarekani wakikimbia, mmoja alipewa jina la golikipa wa Simba na mwenzake la mshambuliaji wa Yanga. Nilipozisoma riwaya zenyewe nikiwa mtu mzima, niliona kwamba waongozaji wa filamu nao walikuwa wamefanya kazi ileile ya mtafsiri wetu: walichukua kinachoonekana, yaani chombo, moto na dude la kutisha, na pale mwandishi alipoweka shida ya binadamu wakajaza ya kwao. Kwa hiyo katika kila riwaya nitakayoitaja nitaitafuta shida hiyo iliyoachwa njiani.

Nianze na ile ambayo Mgogo, mfugaji wa hapa Dodoma, ataielewa haraka zaidi ya msomaji wa mahali pengine popote. Mwaka 1968 Mmarekani Philip K. Dick alichapisha Do Androids Dream of Electric Sheep?, jina ambalo kwa Kiswahili ni swali: je, watu wa bandia huota kondoo wa umeme? Mhusika mkuu ni Rick Deckard, polisi wa San Francisco ambaye kazi yake ni kuwasaka na kuwaua watu wa bandia waliotoroka kutoka sayari ya Mars. Vita vimekwisha kupiganwa, vumbi lenye sumu limewamaliza wanyama karibu wote, na wachache waliosalia wamekuwa na thamani kubwa mno, hata ikawa mtu asiyefuga mnyama hai hahesabiki kuwa mtu kamili mbele ya wenzake. Juu ya paa la jengo analoishi, Deckard ana kondoo. Kondoo huyo ni wa umeme. Wa kweli alikufa kwa pepopunda, na mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kuvumilia zizi tupu, akatengenezewa wa kufanana naye, ambaye humpelekea majani kama kawaida ili majirani wasijue.

Jirani yake mmoja ana farasi jike mwenye mimba. Deckard anamwomba amuuzie mtoto atakayezaliwa, anakataliwa, na kwa uchungu anamfunulia jirani swichi zilizofichwa chini ya manyoya ya kondoo. Jirani hamcheki. Anamhurumia, kisha anamshauri kwamba kama hela ni chache basi anunue nyenje, au panya. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza, kwa sababu nimewahi kuona uso wa mzee wa Bahi ambaye ng'ombe wake walikwisha kwa ukame, akishauriwa na kijana wa mjini ajaribu kufuga sungura.

Baadaye watu wa bandia watatu wanauawa kwa siku moja, Deckard analipwa, na fedha hizo anazikimbiza moja kwa moja dukani kununua mbuzi jike mweusi kwa malipo ya awamu, ambayo yatamtafuna miaka mitatu. Mbuzi huyo hadumu. Rachael, mwanamke wa bandia, anapanda hadi juu ya paa na kumsukuma akaanguka. Hakuna bunduki wala chombo cha angani katika tukio hilo, na hakuna mfugaji atakayehitaji kuelezwa kwa nini linauma.

Filamu yake, Blade Runner ya Ridley Scott, ilitoka mwaka 1982. Dick alifariki mwezi Machi mwaka huohuo, kabla haijaonyeshwa. Mji umehamishwa kuwa Los Angeles ya mwaka 2019, mvua hainyamazi, taa za matangazo zinamulika barabara zenye moshi, na Harrison Ford anatembea humo akiwa mpweke. Mkewe Deckard ameondolewa. Kondoo ameondolewa, na mbuzi vilevile. Wamebaki bundi na nyoka wa kutengenezwa, ambao ni pambo tu. Sitaki mtoke hapa mkisema nimeitukana, kwa sababu ni filamu ninayoipenda na nimeitazama mara nyingi, na yale maneno ya kufa ya mtu wa bandia kwenye mvua, ambayo riwayani hayamo, ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyowahi kuonyeshwa sinema. Lakini kwa maneno hayo hukumu imegeuzwa. Filamu inawapa watu wa bandia huzuni inayotushinda sisi. Riwaya inamwonyesha mmoja wao akimkata buibui miguu, mmoja baada ya mwingine, ili aone kama atatembea kwa minne, na kwa Dick tofauti kati ya mtu na mashine iko hapohapo, katika mkono ulioshika mkasi. Tazameni filamu kwanza mkipenda. Riwaya haitaharibika.

Kutoka kwenye mifugo niingie kwenye maji, nami najua naongea na watu gani. Dune ya Frank Herbert, iliyochapishwa mwaka 1965, inahusu sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, ambako wenyeji, Wafremen, huvaa mavazi yanayokusanya jasho na unyevu wa pumzi na kuurudisha kuwa maji ya kunywa. Kiongozi wao, Stilgar, anapoletwa mbele ya mtawala mgeni, anatema mate mezani. Walinzi wanakasirika, mpaka wanapoelezwa kwamba kumtolea mtu maji ya mwili wako ni heshima. Denis Villeneuve amelibakiza tukio hilo katika filamu yake ya mwaka 2021, na amelifanya vizuri. Alichokiacha ni karamu. Katika riwaya, mtawala anapohamia kwenye jumba kuu anakuta desturi ya wakubwa: wageni hunawa mlangoni, huyamwaga maji sakafuni kwa makusudi, hudondosha mataulo yaliyolowa, na ombaomba walioko nje hupewa yale yanayokamuliwa kutoka kwenye mataulo hayo. Mtawala anaipiga marufuku siku hiyohiyo. Ukurasa mmoja na nusu, na umeuelewa utawala wote uliotangulia. Mama aliyewahi kupanga madumu kisimani tangu saa kumi alfajiri angeweza kuwafundisha wanafunzi wangu ukurasa ule kunizidi mimi.

Filamu ya kwanza ya Dune, ya David Lynch, ya mwaka 1984, imetenda kosa ambalo hapa Dodoma tungekuwa wa kwanza kulishangilia: inamalizika kwa mvua. Kijana shujaa anashinda, mawingu yanakusanyika, Arrakis inanyeshewa. Herbert hakuandika hivyo wala asingeweza, kwa kuwa katika riwaya yake maji ni sumu kwa ile minyoo mikubwa ya mchangani, na bila minyoo hakuna kile kiungo ambacho himaya nzima inakigombania. Mpango wa kuigeuza sayari kuwa ya kijani umepigiwa hesabu ya mamia ya miaka, kwa majani ya kuzuia mchanga na mitego ya umande. Sisi tunaopanda mche mwezi Januari na kuuzika mwezi Agosti tunajua kwamba hesabu hiyo ndiyo ya kweli, na mvua ile ya sinema ni ya mtu asiyelima.

Sasa The War of the Worlds ya H.G. Wells, ambamo Wamars, viumbe wa sayari ya Mars, wanaivamia Uingereza. Kitabu kilitoka mwaka 1898. Mwaka huohuo, mwezi Julai, kusini mwetu katika nchi ya Uhehe, Mkwawa alijiua asikamatwe na Wajerumani waliokuwa wameibomoa ngome yake ya Kalenga kwa mizinga miaka minne kabla. Wells hakuandika kuhusu Uhehe. Hata hivyo, katika sura ya kwanza kabisa, kabla Wamars hawajatua, anawakumbusha Waingereza wenzake kwamba watu wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, walifutwa na wahamiaji kutoka Ulaya kwa muda wa miaka hamsini, kisha anauliza kama wao wana haki ya kulalamika Wamars wakija na roho ileile. Riwaya nzima inategemea swali hilo. Mizinga ya Waingereza inashindwa na miali ya joto kama mikuki ilivyoshindwa na mizinga, na watu wa London wanakimbia barabarani na mabegi yao, wao ambao walizoea kusoma habari za wengine wakikimbia.

Filamu ya mwaka 1953 imelihamishia jambo hilo California. Mashine za miguu mitatu zimekuwa vyombo vinavyoelea, bomu la atomiki linajaribiwa na kushindwa, na mchungaji anawaendea maadui kwa ushujaa, Biblia mkononi. Katika riwaya mtu wa kanisa ni mwoga, anaropoka kwa njaa ndani ya nyumba iliyobomoka, mpaka msimulizi anampiga ili asiwasaliti kwa kelele zake. Steven Spielberg, mwaka 2005, aliirudisha miguu mitatu na kuonyesha hofu ya mzazi kwa ustadi mkubwa. Watasmania hawamo katika filamu yoyote kati ya hizo mbili. Mwisho wa Wamars, wanaouawa na vijidudu visivyoonekana, umebakizwa na wote. Lakini kwa kuwa swali liliondolewa mwanzoni, mwisho huo umebaki kuwa bahati njema tu.

Nyingine nizipitie upesi. 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 ilitungwa na Arthur C. Clarke na Stanley Kubrick kwa pamoja, kitabu na filamu vikikua sambamba; filamu inanyamaza pale kitabu kinapoeleza, nami hapo nawaambia bila haya kwamba filamu imeshinda. Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya mwaka 1953, ina filamu ya François Truffaut ya mwaka 1966 ambayo majina ya waigizaji husomwa kwa sauti, hayaandikwi, kwa sababu ni dunia iliyochoma vitabu. Ujanja huo mmoja unatosha kuitafuta.

Nimeiweka mwisho ya zamani kuliko zote. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii na alitegemea maandishi ya wasafiri wa Kiingereza akina Burton na Speke, alichapisha Wiki Tano Ndani ya Puto. Waingereza watatu wanapaa kutoka Zanzibar, wanapita milima ya Rubeho, wanapita Kanyenye, ambayo ni Ugogo yetu, wanafika Kazeh, ndiyo Tabora, na kuendelea hadi mto Senegal. Neno tembe, nyumba yetu ya paa tambarare la udongo, limo. Waganga wamo, ingawa herufi zimevurugwa. Kazeh wanadhaniwa kuwa wana wa mwezi, mpaka mwezi wa kweli unapochomoza na watu kuona miezi miwili angani. Na kabla ya hapo, katika sura ya 14, puto linashambuliwa na kundi la nyani. Mmoja anasema walidhani ni wenyeji, mwingine anajibu kwamba kwa mbali tofauti si kubwa, na mtumishi anaongeza kwamba hata kwa karibu. Siwaombi msikasirike. Someni, mkasirike, mwendelee kusoma, maana hesabu za gesi na upepo ni nzuri na dharau ile ni ushahidi.

Filamu ya Irwin Allen ya mwaka 1962 imeigeuza safari hiyo kuwa mbio za kuwahi kupachika bendera ya Uingereza kando ya mto Volta, na imemwongeza mwandishi wa habari wa Kimarekani. Mimi filamu ninayoitamani ni nyingine. Kamera iwekwe juu ya tembe, Kanyenye, wakati wa mavuno. Mama anaanika uwele darini, mtoto yuko mgongoni, mbwa anabweka bila sababu. Kivuli cha duara kinapita juu ya nafaka, taratibu, kutoka mashariki. Mama anainua kichwa, anatazama, anaita watu walioko chini, kisha anaanza kukusanya uwele wake haraka, kwa sababu kitu kinachopita juu na kutia kivuli huenda kikawa ni mvua.