Ovari za Paka Hazifuati Kalenda

Ndugu wasikilizaji, walionisikia siku zilizopita wanajua ninakoelekea, kwa hiyo sitarudia viungo vya uzazi vinakaa wapi. Nimekuja na lalamiko langu la kila mara: paka jike kuchukuliwa kama mwanamke mwenye manyoya, akahesabiwa siku, kisha akapewa vidonge vya kuzuia mimba.

Paka hana hedhi. Akitokwa na damu, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Ovari zake, yaani viungo vya kutoa mayai, haziachii yai kwa tarehe. Kwa kawaida humsubiri dume. Folikuli, yaani vifuko vya mayai ndani ya ovari, zinapokua, homoni ya kike iitwayo estrojeni hupanda, naye paka hulia usiku kucha, hujiviringisha sakafuni, huinua makalio na kuuweka mkia kando, hali ambayo mara nyingi huchukua kama wiki moja. Wenye paka huniletea mnyama huyo wakiapa kwamba tumbo linamsokota, nami huwajibu kwamba haumwi popote, ni estrojeni inayosema. Anapopandwa, vijiba vikali vilivyo kwenye uume wa dume huchochea uke, habari hiyo husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huachia kwa wingi homoni ya luteini, ile inayofanya mayai yatoke. Kupandwa mara moja mara nyingi hakutoshi. Akipandwa mara kadhaa katika muda mfupi, kiwango cha homoni hiyo huwa kikubwa zaidi, na mayai hutoka baada ya siku moja hadi mbili. Ndiyo maana watoto wa mimba moja wanaweza kuwa na baba tofauti, jambo ambalo daima huwachekesha watu wa safu za nyuma. Asipopandwa, estrojeni hushuka, paka hutulia kwa siku chache, kisha folikuli nyingine huanza kukua na kilio kinarudi. Mwanga mrefu wa mchana huendeleza mzunguko huo, na melatonini, homoni ya giza inayoongezeka usiku ukiwa mrefu, huusimamisha. Paka anayelala chini ya taa za nyumbani anaweza kukosa kabisa msimu wa mapumziko.

Najua kuna atakayesema kwamba wake hakuonana na dume na bado tumbo lilijaa. Inawezekana, kwa kuwa baadhi yao hutoa mayai bila kupandwa. Yai likitoka pasipo mimba, projesteroni, homoni ya kutunza mimba, hubaki juu kwa takriban siku 40, ilhali mimba yenyewe huchukua kama siku 65.

Sasa fikirini mtu anayeongeza juu ya hiyo projesteroni ya kiwandani, ile iliyomo katika vidonge hivyo, eti kilio kikome naye apate usingizi. Ukuta wa mji wa mimba hunenepa na unaweza kujaa usaha, matiti yanaweza kuvimba kupita kiasi, na kisukari kinaweza kufuata. Wanaoniambia kwamba dozi yao ni ndogo huwa hawajawahi kumpima paka wao uzito.

Nikishauri paka aondolewe ovari, wengine hunijibu: "Aachwe azae kwanza mara moja." Kwa faida gani? Uvimbe wa matiti wa paka kwa sehemu kubwa ni saratani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka walioondolewa ovari kabla ya miezi 6 walikuwa na hatari ndogo zaidi ya saratani hiyo kwa asilimia 91. Baadhi ya paka huingia kwenye joto, yaani hali hiyo ya kutaka dume, wakiwa na miezi 4 tu, na mama anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha, kwa hiyo kungoja hakumpi mtu muda anaoudhani.

Nilikusudia kueleza kwa kirefu masalia ya ovari yanayobaki baada ya upasuaji, lakini naona mwenyekiti ananitazama. Kwa ufupi, paka aliyefanyiwa upasuaji akianza tena kulia na kuinua makalio, msimngoje atulie. Mleteni siku hizo hizo, maana seli za uke zikipimwa huonyesha kazi ya estrojeni wakati ingali juu, dalili kwamba kipande cha ovari kilibaki.