Shule zilizojengwa kwa kuku na pamba

Jamani habari za jioni, huko nyuma mnanisikia? Poa. Sasa nikisema Kusini msinipeleke Brazil, naongelea Kusini mwa Marekani, Alabama, Mississippi, Georgia huko, shamba kabisa. Unakuta jengo la mbao limeinama, bati kutu tupu, ndani wamerundika majani ya ng'ombe, mpita njia anajua ni banda tu. Ile ilikuwa shule ya watoto Weusi, enzi zile watoto wanatenganishwa shuleni kwa rangi.

Utaijuaje? Angalia madirisha. Marefu, yamebanana, ukuta karibu wote ni kioo, maana umeme hamna, kwahiyo ramani ilitaka madirisha yatazame mashariki na magharibi, na madawati yapangwe mwanga umtokee mtoto kushoto, ili mkono wake wa kulia usimtie kivuli kwenye daftari (mashoto wenzangu poleni).

Wanaziita shule za Rosenwald. Julius Rosenwald alikuwa bosi wa Sears, wale wa kuuza vitu kwa katalogi, akakutana na Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Weusi cha Tuskegee huko Alabama, mtu aliyezaliwa mtumwa, 1912 wakaanza na shule 6 Alabama. Kufikia 1932 majengo 5,357, majimbo 15, ukihesabu na nyumba za walimu na karakana. Ila hilo jina mimi linanikera kidogo. Tajiri alitoa dola milioni 4 na ushee, Weusi wenyewe, wengi wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, wakachanga kama milioni 4.7! Iliyobaki nyingi ilitoka serikalini, lakini si kodi hiyo hiyo na wao walishalipa, halafu mwaka hadi mwaka inaishia zaidi kwenye shule za wazungu? Wamelipa mara mbili hao. Na walichanga kwa kuuza kuku, kuuza keki, wengine wanatenga kipande cha shamba wanapanda pamba, ikivunwa hela ya shule. Harambee kabisa.

Waliokuwa wanazunguka vijijini kuhamasisha ni walimu wa Jeanes, yaani walimu wa mfuko wa Anna Jeanes wa kusaidia shule za Weusi vijijini, wengi akina mama. Wakenya jina hilo si geni kwenu, Jeanes School ya Kabete ya 1925 iliiga kwao, leo pale ndo Kenya School of Government.

Sasa zilikufaje, hapa ndo panaponiuma. 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kutenganisha watoto kwa rangi shuleni ni kuvunja katiba, watu wakashangilia, haki yao. Lakini utekelezaji ulipofika kweli, miaka ya 60 kuingia 70, shule inayofungwa mara nyingi ni ya Weusi, watoto ndo wanahamishiwa kwa wazungu, na walimu weusi wengi kazi ikaota mbawa. Vijana nao walishakimbilia Chicago na Detroit, Weusi kama milioni 6 walihama Kusini kati ya 1910 na 1970, kwahiyo hata kanisa la jirani, lile lililotoa kiwanja cha shule, likabaki na wazee, wazee wakaisha, mlango ukafungwa.

2002 ndo shule hizi zikaingia kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani, na kadhaa zimekarabatiwa, nyingi kwa nguvu za waliosoma humo. Ukibahatika kufika kwenye moja, kitu cha kuomba uonyeshwe ni ule ukuta wa kati. Ulikuwa wa kusukuma, ukiufungua madarasa mawili yanakuwa ukumbi wa mahafali, mikutano, misosi ya kijiji. Uguse uone kama bado unasogea.

Haya, maswali, tuanze na dada pale mbele.