Mwanafunzi Aliyeacha Kusalimia

Wakufunzi wenzangu, wauguzi viongozi wa wodi, shikamooni. Wanafunzi wangu, hamjambo.

Yupo mwanafunzi ambaye kila mkufunzi hapa Mwanza amekutana naye. Wiki za mwanzo wodini, akifika kwa bibi wa Kisukuma huanza na "mwangaluka", hungoja aitikiwe, humwekea shuka vizuri, ndipo amfunge mkanda wa presha. Miezi ikisogea, anaushika mkono bila neno, anasoma namba, anaandika kwenye faili, huyoo kitanda kinachofuata. Ukimwuliza habari za bibi, anakuuliza: "Kitanda namba saba?" Presha kaipima sawasawa kabisa.

Tunakimbilia kusema hana wito. Mimi nakataa. Mwaka 1981 wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha uchovu wa kazi chenye sehemu tatu: kuchoka moyo, kumwona mgonjwa kama kitu, na kujiona huna unalolifanya la maana. Kwa Maslach, la kwanza ndilo huvuta la pili: moyo uliochoka hujikinga kwa kujitenga. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilieleza kuwa uchovu huu hutokana na msongo wa muda mrefu kazini. Kazini, jamani! Basi tuitazame kazi kabla ya kumhukumu mtoto wa watu.

Huku Kanda ya Ziwa mzigo wenyewe mnaujua. Mgonjwa kavuka na feri kutoka Ukerewe, yuko na ndugu mmoja asiyemjua mtu mjini. Nilale wapi? Dawa hii inauzwa wapi? Atapona? Anamwuliza kijana mwenye sare ya mwanafunzi, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Mgonjwa akifariki usiku, kijana huyo huyo anasaidia kuuandaa mwili, anamkabidhi ndugu kanga na ndala za marehemu. Saa mbili asubuhi yuko darasani, anafanya jaribio la famakolojia, somo la dawa, na hakuna aliyemwuliza usiku ulikuwaje.

Kwa hiyo nina ombi. Mwanafunzi aliyeshuhudia kifo cha kwanza asiondoke zamu kabla mmoja wetu hajaketi naye, hata dakika kumi. Aeleze alichokiona. Makosa ya utaratibu yatajadiliwa siku nyingine. Akilia, mwacheni alie. Na jaribio la asubuhi ile lisogezwe. Ratiba tunaipanga wenyewe, hatuhitaji kibali cha mtu.