Anayegawa Anwani Ndiye Aandike Jina: Kusasisha DNS Kiotomatiki Katika Mtandao wa Nyumbani

(Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya mafundi wa mitandao, wanafunzi wa kompyuta na wenye nyumba)

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, wanafunzi, na wazee wangu mliokuja kwa sababu kamera zenu hugoma kuonekana kila mnaposafiri, nawashukuru kwa kufika. Katika mji huu neno "mheshimiwa" limezoeleka mno, nami naomba jioni ya leo tuliweke kando ili tuulizane bila haya, kwa kuwa jambo nililoitiwa kulieleza ni dogo kwa sura lakini limewasumbua wengi: namna ya kuufanya mtandao wa nyumbani uandike wenyewe majina ya vifaa vyake, na uyarekebishe wenyewe kila anwani inapobadilika, pasipo mtu yeyote kushika kalamu.

Mnakumbuka mwaka 2022, katika ile kazi ya anwani za makazi iliyofanyika nchi nzima, jinsi namba zilivyobandikwa kwenye nyumba zetu, Nkuhungu, Kisasa, Chang'ombe na kwingineko. Namba ile ni ya nyumba, wala si ya mpangaji. Mpangaji akihama anaiacha ukutani na kwenda kukaa chini ya namba nyingine. Anwani ya IP, ile namba ambayo kifaa hufikiwa kwayo mtandaoni, nayo ndivyo ilivyo. Kifaa hakiimiliki, hupangishwa tu kwa muda. Ndani ya nyumba yako ruta ndiyo mwenye nyumba: simu inapojiunga, ruta huipa, kwa itifaki ya kugawa anwani iitwayo DHCP, namba kama 192.168.10.57, tuseme kwa saa 12, na nusu ya muda huo inapofika simu huomba kuongezewa. Isipoomba, kwa mfano kwa sababu imesafiri na mwenye simu kwenda Kondoa kwa wiki nzima, inaweza kurudi na kukuta chumba chake amepewa mwingine. Huko nje nako kampuni inayokuuzia intaneti ndiyo mwenye nyumba wa ruta yako, na humhamisha mpangaji wake bila kumpa taarifa.

DNS ni daftari linalosema jina fulani linakaa kwenye anwani fulani. Hoja yangu ya leo ni kwamba anayegawa anwani ndiye pekee anayejua kwa hakika nani yuko chumba gani, na kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kuandika katika daftari hilo. Fundi anayeandika kwa mkono huandika habari za jana, hata akiwa hodari kiasi gani.

Waliotutangulia walijifunza hili kwa taabu. Kabla ya DNS, majina yote ya kompyuta za mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, yalikuwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, na kila aliyetaka kuongeza kompyuta yake alipaswa kuwaarifu watunzaji ili waiandike. Mtandao ulipokua, kazi hiyo ikawashinda, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa muundo wa DNS, ambao uligawa daftari hilo kwa wengi. Hata hivyo, ndani ya kila kipande cha daftari mwandishi aliendelea kuwa binadamu. Ilipofika Machi 1997 ulitoka waraka wa RFC 2131 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), unaoeleza DHCP tunayoitumia hadi sasa, na Aprili ya mwaka huohuo ukatoka RFC 2136, unaoeleza ujumbe wa kusasisha DNS kutoka mbali. Mwezi mmoja tu uliwatenganisha mgawaji wa vyumba na kalamu yake, nami sioni ajabu, kwa maana mmoja bila mwenzake ni nusu ya kazi.

Ujumbe huo wa RFC 2136 una jambo zuri ambalo wengi hawalijui. Haubebi tu amri ya kuongeza au kufuta rekodi, yaani mstari wa daftari, bali unaweza kutanguliza sharti, kwa mfano kwamba jina hili liandikwe endapo tu halina mtu. Bila sharti la namna hiyo, vijana wawili wakiingia nyumbani na laptopu zote zikijiita "laptop", wa pili angemnyang'anya wa kwanza jina kimyakimya.

Kwa nyumba nyingi hamhitaji kufika mbali hivyo. Programu ndogo iitwayo dnsmasq, ambayo ndiyo inayotumika ndani ya ruta zenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, hugawa anwani na kujibu maswali ya majina katika mwili mmoja, kwa hiyo hakuna ujumbe wa kutumwa popote: kifaa kikipangishwa, jina lake hujulikana papo hapo, na mkataba ukiisha jina huondoka. Katika faili lake la mipangilio mnaandika mstari wa dhcp-range wenye anwani ya mwanzo, ya mwisho na muda, kisha mstari wa domain wenye jina la mtandao wenu, na mstari wa local ili maswali ya ndani yasitoke nje. Katika kuchagua jina la mtandao, naomba msijitungie. Jina home.arpa lilitengwa mwaka 2018 mahsusi kwa ajili ya nyumba, ilhali .local ni la mfumo mwingine, ule ambao printa na televisheni hutumia kutafutana zenyewe, na ukiyachanganya utapata hitilafu zinazokuja na kuondoka bila sababu inayoonekana. Simu nazo zina vituko vyake: tangu Android 10 na iOS 14 hujificha kwa anwani ya maunzi (MAC, ambayo ruta hutambulia kifaa) ya kubuni katika kila mtandao, kwa hiyo ukitaka simu fulani iwe na jina la kudumu, zima tabia hiyo kwa mtandao wa nyumbani kabla ya kuisajili kwenye ruta.

Wenye mitandao mikubwa kidogo, kwa mfano wenye nyumba za wageni au ofisi ndogo, watataka kutenganisha seva ya DHCP na seva ya DNS kama BIND. Wengi wenu mlifundishwa ile seva ya DHCP ya zamani ya shirika la ISC. Mwaka 2022 wenyewe walitangaza kuacha kuiendeleza, na mrithi wake ni Kea, ambayo ina programu yake ya pembeni kwa kazi ya kupeleka mabadiliko kwenye DNS. Hapa sasa swali la uaminifu linaingia. Daftari linalokubali kuandikwa kutoka mbali ni lazima limjue mwandishi, na si busara kumtambua kwa anwani yake ya IP, maana anwani huigizwa. Tumieni ufunguo wa TSIG, siri moja inayowekwa pande zote mbili, ambayo kwayo kila ujumbe hutiwa sahihi. Amri ya tsig-keygen hukutengenezea. Na upande wa BIND, badala ya kuupa ufunguo huo ruhusa ya kuandika chochote, tumieni kipengele cha update-policy kuuwekea mipaka ya majina na aina za rekodi.

Nitawasimulia yaliyonikuta. Nyumbani kwangu Ipagala nilikuwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, iliyogawa anwani, na laptopu ya zamani yenye kioo kilichopasuka iliyobeba BIND. Alasiri moja umeme ulikatika kwa zaidi ya saa moja. Laptopu ina betri, ikaendelea kama kawaida. Raspberry Pi ilizimika, na kwa kuwa haina saa yenye betri ndani yake, ilipoamka iliamini kwamba bado ni wakati ule iliouhifadhi mara ya mwisho. Kwa kawaida ingeuliza saa kwenye intaneti, lakini intaneti haikurudi hadi usiku. Vifaa vyote vikapata anwani, na hakuna hata kimoja kilichopata jina. Nilidhani ufunguo umeharibika. Nikautengeneza upya mara tatu, nikauandika upya pande zote mbili, na kila mara BIND ikakataa. Niliposoma logi, yaani kumbukumbu za seva, kwa utulivu, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo lau nisingekuwa na hasira, nikakuta neno BADTIME. Sahihi ya TSIG hubeba saa ndani yake, ili mtu asije akaunasa ujumbe wa leo na kuurudia kesho, na tofauti inayovumiliwa kwa desturi ni sekunde 300. Yangu ilikuwa zaidi ya saa nzima. Dawa ilikuwa kuifanya laptopu iwe mtunza saa wa nyumba, na kuielekeza Raspberry Pi kwake kwa namba na si kwa jina, kwa sababu ukimtafuta mtunza saa kwa jina wakati DNS ndiyo iliyoshikwa na ugonjwa wa saa, utazunguka palepale.

Jambo jingine kwa wenye BIND: eneo, yaani kipande chenu cha daftari, likishaanza kujisasisha, faili lake halihaririwi kwa mkono hivihivi. Mabadiliko mapya hukaa kwanza katika faili la jarida lenye mkia wa .jnl, na seva huyaandika katika faili kuu kwa wakati wake. Ukilazimika kuhariri, anza na amri ya rndc freeze, hariri, kisha rndc thaw.

Sasa tutoke nje ya geti, maana najua wengi mmelijia hili. Mtu ana shamba la zabibu Mpunguzi, ameweka kamera na pampu ya maji, naye anataka kuviona akiwa Dar es Salaam. Kabla hajajisajili popote kupata jina, afungue ukurasa wa ruta yake na kusoma anwani ya upande wa nje, kisha ailinganishe na ile ambayo tovuti yoyote ya kuonyesha IP inamwonyesha. Zikifanana, aendelee. Zikitofautiana, na hasa ile ya kwenye ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi yeye ni mpangaji wa chumba ndani ya nyumba yenye wapangaji wengi na mlango mmoja. Masafa hayo yalitengwa mwaka 2012 kwa kampuni za intaneti zinazowachangisha wateja wengi anwani moja ya hadharani, kwa kuwa anwani za IPv4, zile za mtindo wa zamani ambazo zote kwa jumla hazifiki bilioni 4.3, zimeadimika. Jina lake litasasishwa vizuri kila siku, nalo litaelekeza kwenye mlango ambao hauna njia ya kufika chumbani kwake. Nimewaona watu wakibadilisha ruta mbili kwa kosa hili. Njia zilizopo ni kuomba anwani ya hadharani kwa kampuni, au kutumia IPv6, mtindo mpya wenye anwani tele, iwapo kampuni inaitoa, au kuchimba handaki la WireGuard, yaani njia ya faragha iliyosimbwa, hadi seva ya kukodi yenye anwani isiyobadilika.

Aliye na anwani ya hadharani achague mtoa jina, kama DuckDNS au No-IP, na kazi ya kutoa taarifa aipe ruta yenyewe ikiwa inaiweza, kwa sababu ruta hujua anwani mpya sekunde ileile inapopewa. Isipoiweza, programu kama ddclient kwenye kompyuta ya ndani itachunguza kila baada ya dakika 5 na kutuma pale tu mabadiliko yanapotokea. Atakayetuma kila dakika bila sababu hufungiwa. Majina ya bure yana masharti yake, kwa mfano No-IP humtaka mwenye jina alithibitishe kila siku 30. TTL, yaani muda ambao wengine hukumbuka jibu la jina, iwe fupi, sekunde 300 au pungufu, la sivyo wengine wataendelea kukumbuka anwani uliyokwisha kuhama. Mwenye jina lake chini ya co.tz si lazima aliache: aweke chini yake jina dogo lenye rekodi ya CNAME inayoelekeza kwenye jina linalojisasisha. Kwa wenye IPv6, kila kifaa kina anwani yake ya hadharani, kwa hiyo rekodi ya AAAA, ile ya anwani za IPv6, inapaswa kutaja kifaa chenyewe kinachofikiwa kutoka nje, si ruta kwa mazoea.

Tarehe 21 Oktoba 2016 kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo ilianza kwa kutoa huduma hiihii ya majina yanayojisasisha, ilishambuliwa hadi tovuti kubwa zikakosa kufunguka. Waliotumwa kuishambulia walikuwa kamera na ruta za majumbani, maelfu kwa maelfu, zilizotekwa na programu ya Mirai kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Kwa hiyo kamera ya Mpunguzi isifunguliwe porti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, moja kwa moja. Jina lielekeze kwenye WireGuard iliyo katika mtandao wa hukohuko shambani, na kamera itazamwe kupitia humo.

Mkimaliza kufunga, jaribuni kwa njia ya Dodoma: zimeni swichi kuu ya nyumba kwa dakika 10, washeni, na subirini TTL ipite. Kisha ulizeni jina kwa simu iliyo kwenye bando, waifai ikiwa imezimwa. Likileta anwani ileile inayoonekana kwenye ruta, fungueni kamera. Likileta ya zamani, someni logi, na mwanze kwa kuangalia saa.